Siku Niliyozunguka Boma la Wakwe kwa Pikipiki Fupi

Kuna aibu mtu anaweza kuzikwa nayo kimya kimya, lakini hii yangu haifichiki kwa sababu kijiji kizima kiliiona, na wengine walilia machozi kabisa, kwa hivyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Ouma ambaye kila mwaka anaongeza chumvi. (Ouma ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tunabeba magunia pamoja, na mdomo wake haujawahi kuwa na mlango.)

Mimi ni mrefu. Sio mrefu wa kusifiwa tu, ni mrefu wa kuinama kila mlango, na kule mtaani Nyalenda watu waliniita Stima, kwa maana nilisimama barabarani kama mlingoti wa umeme na sikuwaka. Shule niliionja nikaitema. Kilichonilea ni mchele wa Ahero, niliubeba kwa mgongo, nikaubeba kwa baiskeli, mwisho nikawa na duka langu na mizani yangu, na hakuna mkubwa yeyote aliyenishika mkono. Nasema mjue tu, sijigambi. Na hata kama ni kujigamba, nimekulipia kwa jasho langu.

Basi miaka hiyo, wakati gugu maji lilikuwa limeanza kufunika ziwa mpaka ukisimama ufukweni asubuhi unaona kama shamba la maua ya zambarau linapumua, nilimpenda Atieno. Kwao ni huko bondeni Kano, mbele ya Ahero, na baba yake ni Mzee Okelo, mtu wa maneno machache na macho mengi. Ouma ndiye alikuwa mshenga wangu. Alienda, akarudi amekunja uso.

"Omera, ndugu yangu, kuna mwalimu wa upande wa Maseno naye ametuma watu, na mwenyewe ameshafika. Ana baiskeli mpya na Kiingereza. Mzee amesema wewe ufike Jumamosi akuone kwa macho, kisha atasema msichana anaenda wapi."

Siku moja tu ya kuonekana, basi. Nilikaa dukani napima mchele na akili haipo, mteja anaomba kilo moja namwekea mbili, kwa sababu ndani ya macho yangu nilikuwa tayari naenda. Nilijiona juu ya pikipiki nyekundu, barabara imenyooka, mashamba ya mpunga pande zote yamejaa maji na mbingu imelala ndani yake, nyange weupe wanainuka polepole kama karatasi, na mimi napita katikati, juu mawingu, chini mawingu, hata sijui kama nimegusa ardhi. Mwalimu na baiskeli yake nawapita huko chini, wadogo kama sisimizi. Ndoto tamu inakunywesha uji wa moto na husikii ukiungua.

Tukaenda soko la Kibuye na Ouma, kwa bwana mmoja aliyekuwa anauza pikipiki zilizotumika. Alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya kijani, miguu kama panzi, imepakwa matope na maafisa wa kilimo mpaka imekata tamaa. Ya pili ilikuwa nyekundu, fupi, imenona, vyuma vyake vinameremeta mpaka nikaona meno yangu ndani.

Sasa mimi pikipiki sikuijua, lakini ng'ombe namjua. Nikafanya vile mtu anavyonunua fahali. Nikaizunguka. Nikaipiga kiganja ubavuni. Nikachuchumaa nikaiangalia chini kwa makini (sijui nilikuwa natafuta nini, lakini nilitikisa kichwa kama mtu aliyekipata). Nikamwambia bwana aziwashe zote mbili nisikie sauti. Ile ndefu ilikohoa kama mzee wa tumbaku. Hii nyekundu ilinguruma, yawa, ilinguruma mpaka kuku wakakimbia.

"Hii," nikasema.

"Kaa juu kwanza," akasema mwenye kuuza. "Wewe ni mrefu, bwana. Pikipiki ni kama kiatu."

"Stima, kaa," Ouma naye akasema. "Kalia hata hiyo ya kijani uone."

Watu walikuwa wameanza kusimama kutazama. Mimi, mwenye duka, nijaribu kitu kama mtoto?

"Wewe umeona nani akimkalia fahali kabla ya kumnunua?"

Wakacheka, nikaona nimeshinda. Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Jumamosi nikavaa suti ya kijivu na viatu vipya vyenye ncha ndefu, Ouma akatangulia kwa gari la abiria ili awe pale kunipokea, na mimi nikaikalia ile pikipiki kwa mara ya kwanza kama mwanaume anayekwenda safari. Jamani. Magoti yalipanda yakafika karibu na masikio. Usukani ulikuwa katikati ya mapaja yangu kama mtu aliyekumbatia sufuria. Siku ile nilipokwisha kulipa, bwana alinionyesha gia na breki hapo hapo sokoni, nikazunguka kiasi nikayumba, nikasema inatosha, kiti kitazoea mtu. Barabarani ndio nikagundua mambo. Kukata kushoto naweza, ila lazima nitupe goti la kushoto nje kabisa, kama mbwa aliyefika kwenye mti. Kukata kulia siwezi, maana mguu wa kulia ndio wa breki, hautoki pale, na goti lake linagonga ngumi yangu na ngumi inakamua mafuta. Ukitaka kulia unaongezewa mbio.

Lakini barabara ya Ahero imenyooka, na Mungu ana huruma kwa wajinga wa asubuhi. Nilisahau magoti. Maji ya mpunga yalikuwa vile vile nilivyoyaota, mbingu mbili, na upepo ulitoka ziwani ukiwa na harufu ya samaki na majani mabichi, na nyange waliinuka kweli, na sijui nilikuwa nimelala au niko macho, nilisikia tu ile sauti chini yangu na jina la Atieno ndani ya hiyo sauti. Ningekufa dakika hiyo ningekufa tajiri.

Boma la Mzee Okelo lilikuwa na uzio wa michongoma, uwanja mkubwa umefagiliwa safi, nyumba mbele, rundo la nyasi kavu za mpunga pembeni. Wazee walikuwa wameketi kivulini kwa ghala, kina mama mlangoni kwa jikoni, na Ouma amesimama katikati na fimbo yake ya ushenga, kifua mbele. Nikaingia langoni vizuri kabisa. Nyumba ikanijia. Kulia hakukatiki, nikatupa goti la kushoto nje, nikakata. Nikatafuta breki. Ile ncha ndefu ya kiatu ikaingia chini ya breki badala ya juu, ikanasa. Nikavuta mguu, mguu hautoki. Nikataka kunyoosha usukani, goti likagonga ngumi, ngumi ikakamua mafuta, pikipiki ikanguruma, nikazunguka uwanja. Nikajaribu tena. Ikanguruma zaidi, nikazunguka tena.

"Simamisha!" Ouma anapiga kelele.

"Inasimamishwa wapi?" nami namjibu nikipita.

Akaona heri anishike kwa nyuma, akaanza kunikimbiza, fimbo juu, anapiga mayowe. Mbwa wakamfuata. Vumbi likapanda mpaka juu ya paa.

Sasa kama wewe si mtu wa kwetu lazima nikueleze. Kwetu mwenye boma akifa, wanaume huja na ng'ombe mbio, na fimbo na mikuki, wanazunguka na makelele na vumbi ili kuyafukuza mauti yatoke hapo nyumbani. Tero buru, ndivyo tunavyoiita. Hiyo haifanywi kwa mtu aliye hai. Haifanywi hata kwa mzaha. Na mimi hapo, mkwe mtarajiwa, kitu chekundu kinanguruma chini yangu kama fahali, mtu wa fimbo nyuma yangu, vumbi, mayowe, mbwa, nazunguka na kuzunguka mbele ya mzee mwenyewe ambaye yuko kwenye kiti ameshika kikombe cha chai.

Ng'ambo ya uzio jirani alisikia. Alikuwa mama mmoja anaitwa Mama Awino, na baadaye nilikuja kujua kwamba yeye na Mzee Okelo waligombania mpaka wa shamba, hawakuwa wanasalimiana miaka mingi. Aliona vumbi, akasikia mngurumo, akatupa jembe.

"Uwiii! Okelo! Okelo ametuacha! Uwiii!"

Kilio cha mtu mmoja kwetu ni cha watu wote. Kabla sijamaliza mizunguko yangu, watu walikuwa wanamiminika langoni, kina mama mikono kichwani, mwanaume mmoja na mbuzi wake kamba mkononi, na mbele yao wote Mama Awino, amelowa machozi, anajigaragaza chini anasema, "Okelo, nani atanigombeza sasa?"

Niliwaona watu wote hao mbele yangu, nikafumba macho, nikaachilia usukani.

Nilijikuta ndani ya rundo la nyasi. Pikipiki ilizimika mahali fulani chini yangu. Palikuwa kimya, pana joto, panatoa harufu ya jua, na mwanga ulipenya kati ya nyasi kwa vijiti vyembamba vya dhahabu, na nakwambia ukweli, sikutaka kutoka. Niliwaza ningeishi hapo tu. Sauti zilinifikia kama za watu walio ng'ambo ya maji.

"Miguu ni hii. Lakini kichwa kiko wapi?"

"Endelea kufuata miguu, utafika."

Waliponivuta suruali ilibaki nusu na kiatu kimoja kikabaki na breki. Mama mkwe alinitupia jicho moja tu, akajifunika uso na kanga, akaingia ndani, akafunga mlango. (Mama mkwe wa kwetu akikuona katika hali hiyo, si jambo dogo. Naomba nisiendelee hapo.)

Wazee wakawa moto. "Amemfanyia mtu tero buru akiwa hai!" mmoja akasema. "Huyu ni mkosi! Mpeni mwalimu msichana leo leo." Ouma, mwenye mdomo usio na mlango, akaificha fimbo yake ya ushenga nyuma ya mgongo. Nilisimama hapo na blanketi kiunoni, nyasi nyweleni kote, nikajua Atieno ameenda Maseno.

Mzee Okelo hakunitazama. Alikuwa anamtazama Mama Awino, aliyekuwa ameketi mavumbini amepigwa na butwaa, anamwona marehemu anakunywa chai.

"Mama Awino," akasema taratibu, "ulikuwa unanililia mimi?"

"Sasa ningemlilia nani, wewe mzee mbaya?" Akafuta uso kwa hasira. "Unakufa bila kuniambia!"

Mzee akaweka kikombe chini. Kisha akasema wamletee mama kiti. Na chai. Akasema sukari iwe nyingi.

Halafu akamwita binti yake, akamwuliza mbele ya wote, kama desturi inavyotaka, kama anamtaka huyu mtu au hamtaki. Atieno alitoka nyuma ya jikoni ameshika mbavu, machozi yanamtiririka, hawezi kusema. Watu walidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba," akasema alipopata pumzi, "mwalimu alikaa hapa kutwa nzima na sikumbuki alisema nini. Huyu hata akiondoka leo, nitamcheka mpaka nizeeke. Si afadhali nimcheke akiwa karibu?"

Mzee akasema nirudi na mbuzi wa kusafisha boma, na nirudi kwa miguu. Nikarudi hivyo. Pikipiki nilimuuzia fundi cherehani mmoja mfupi, ikamkaa kama imeshonwa kwa kipimo chake.

Sasa mimi ni mzee, wajukuu ninao, gari ninalo, refu, niliketi ndani yake kutwa nzima kabla ya kulilipia na mwenye kuuza akachoka na mimi. Lakini niliapa siku ile, na kiapo nimekishika: nikienda kwa wakwe, gari linabaki barabarani. Nashuka, nafunga vifungo vya koti, naingia kwa miguu, polepole, mkono wazi. Mama mkwe sasa ni mkongwe na haoni vizuri. Hukaa ndani akasikiliza, na akishahakikisha ni nyayo tu, ndipo anafungua mlango.