Banda la Kupashia Ngoma

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatatu, nilifika Kilimatinde kuanza kazi ambayo sikuijua. Tangazo lilikuwa limesema anatakiwa seremala anayejua kusoma na kuandika, atakayetunza ala za muziki wa mkoa. Mimi nilikuwa fundi wa vitanda na milango kule Sepuka, elimu yangu darasa la saba. Mhifadhi Mkuu wa makumbusho alinikuta nimesimama mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha badala ya kunionyesha ofisi akanipeleka uani na kunikabidhi kiberiti na mzigo wa mabua ya uwele.

"Washa."

"Tunapika nini, mzee?"

"Ngoma."

Nawaandikia ninyi mnaoingia kwenye kazi hii sasa, kwa sababu jambo lililokuja kutuua lilikuwa ndani ya somo hilo la kwanza, na sidhani kama mnafundishwa.

Ngozi ya ngoma hunyonya unyevu. Ikishanyonya hulegea, na ngoma hutoa sauti nzito isiyofika mbali. Dawa yake ni moto. Unawasha mabua au nyasi kavu, unaielekeza ngozi kwenye ndimi za moto kwa umbali wa mkono mmoja, unaizungusha taratibu, na unaipima kwa mgongo wa kiganja kama mama anavyopima homa ya mtoto. Mkaa Mhifadhi Mkuu hakuutaka. Alisema joto lake hukaa mahali pamoja na kupasua ngozi ukingoni. "Mkaa ni wa ugali," alikuwa akisema. Na moto wetu ulikuwa wa nje siku zote. Hakuwahi kunieleza sababu, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuuwasha kwingine.

Makumbusho mengi huweka kitu ili kisiguswe. Yetu yaliendeshwa kwa kanuni tofauti: ala ambayo mpigaji wake yu hai, ipigwe. Kwa hiyo Jumamosi watu walikuja kusikiliza, na siku nyingine za wiki tulikarabati zilizolegea. Nilijifunza kuwamba, yaani kuvuta ngozi mbichi juu ya mzinga wa ngoma na kuibana kwa vigingi hadi ikaukie hapo. Nilijifunza kutenga, maana yake ala mpya hukaa kwanza peke yake ndani ya mfuko uliofungwa, ili kama ina wadudu wasihamie kwa nyingine. Habari za wadudu na unyevu nilizisoma mwenyewe kwenye vitabu vya Kiingereza, kamusi pembeni, ukurasa mmoja kila jioni. Nilikuwa mwepesi wa kusahau, basi nikawa na tabia ya kurudia.

Kutoka Kilimatinde tulihamia Manyoni, kwenye ghala la kupanga karibu na reli. Treni ilipopita, mazeze yaliyotundikwa ukutani yalilia yenyewe kidogo. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Danieli.

Alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake wanne waliopiga muheme, ngoma ya Wagogo iliyo nyembamba katikati, ambayo mwanamke huishika katikati ya magoti. Siku ya kwanza alichukua ngoma niliyokuwa nimeipasha, akaipiga kofi moja, akanirudishia.

"Nani kaipasha hii?"

"Mimi, mama."

"Kabila gani wewe?"

"Mnyaturu. Wa Sepuka."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mnyaturu! Mpeni alizeti akakamue, ngoma atuachie wenyewe."

Aliyenitetea alikuwa Tabitha, mke wa kaka yake. "Muache, wifi. Wewe ulipoolewa si ulikuwa unaunguza ugali? Mbona hawakukurudisha?"

"Nani kasema hawakunirudisha? Mara mbili! Na aliyenifungulia mlango ni wewe."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha Mama Danieli akaichukua tena ile ngoma, akanisogeza kwenye moto kwa bega, akaanza kunionyesha. Alinifundisha msimu mzima. Tabitha yeye hakufundisha. Alikaa karibu na moto kuliko wote, kwa sababu alikuwa mtu wa baridi, hata mwezi wa Oktoba alijifunga kanga mbili mabegani. Mama Danieli alimtania kwamba siku moja tutampasha yeye tukidhani ni ngoma.

Mhifadhi Mkuu alistaafu, na jengo jipya likafunguliwa Singida mjini. Tulipata ukumbi wa maonyesho, vyumba vya vioo, na Mkurugenzi aliyesomea kazi hii nje ya nchi. Alikuwa mchapakazi, hakuwa na dharau, na aliipenda muheme kwa dhati. Alipoona ngozi zilivyoliwa na wadudu kule Manyoni, alijenga ghala ambalo mimi nilikuwa nimelisoma vitabuni tu. Halikuwa na dirisha. Nyufa zote zilizibwa. Mlango ulikuwa na mpira kuzunguka fremu na mkono wa chuma uliouvuta ujifunge wenyewe, na ndani kulikuwa na mashine ya kunyonya unyevu. Nje ya mlango paliandikwa kwa herufi kubwa: MLANGO UFUNGWE MUDA WOTE. Kila mtu alikaripiwa kuhusu mlango huo, kuanzia wafagizi hadi wapigaji wenyewe. Lilikuwa ghala zuri. Wadudu walikwisha, na hadi leo nasema lilikuwa zuri.

Kwenye mchoro wa kwanza, nyuma ya jengo, palikuwa na banda la kupashia ngoma: nguzo, paa la bati, bila kuta. Makadirio yake niliyafanya mimi kwa kuwa nilikuwa seremala. Fedha za ujenzi zilipopungua, tuliitwa kwenye kikao kupunguza vitu, na banda likafutwa. Niliomba nafasi ya kusema.

"Mkurugenzi, hizi ngoma bila moto hazipigiki."

"Fundi, mimi sijakataza moto. Mtawasha uani kama mlivyozoea."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha tutasubiri ikatike. Singida hii mvua inanyesha siku ngapi? Halafu niambie ukweli, banda lenye moshi nyuma ya nyumba iliyojaa mbao na ngozi, wageni waone makumbusho au waone jiko la msibani?"

Watu walicheka, nami nikatabasamu, maana alisema vizuri. Tuliendelea na ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa vigae vya choo cha wageni.

Kwa misimu miwili mvua haikutukuta siku ya onyesho. Msimu wa tatu ilitukuta. Ilikuwa Jumamosi ya Januari, mgeni rasmi anatarajiwa saa kumi alasiri, ukumbi umeshaanza kujaa. Mvua ilianza asubuhi na haikuonyesha dalili ya kukatika. Wanawake wa Manyoni walikuwa wamesafiri tangu alfajiri nyuma ya gari la wazi, na ngoma zao zilifika zimelowa. Mama Danieli alipiga moja mbele yangu. Ililia kama ndoo.

Tulijaribu moto uani, ukazimika. Tulijaribu barazani, upepo ukapeleka moshi wote ukumbini, na watu wakaanza kukohoa. Mratibu wa Matukio, kijana mwepesi wa miguu na mwenye heshima, akakimbia getini kwa mama lishe na kurudi na jiko la mkaa. Mimi niliitwa ukumbini. Zeze la kikundi cha kwanza lilikatika uzi, na kipaza sauti kilikuwa kinapiga mluzi. Yaliyofuata niliyasikia baadaye kutoka kwa Mama Danieli na kutoka kwa Mratibu mwenyewe, na hawakupishana.

Mratibu aliwaambia, "Mama zangu, ingieni nalo ghalani. Kule ni kukavu. Dakika chache tu, mgeni yuko njiani."

Wakaingia. Mama Danieli hakuupenda mkaa, akasema ngozi zitapasuka, lakini hapakuwa na kingine. Aliegemeza kigoda mlangoni ili usijifunge. Baada ya muda mlinzi alipita, akaona mlango wa ghala uko wazi siku yenye unyevu kuliko zote mwaka ule. Alikitoa kigoda.

"Samahani mama zangu, mlango huu haukai wazi. Mimi ndiye nitakayeulizwa."

Tabitha ndiye aliyemjibu. "Funga tu, baba. Baridi inaingia."

Kikundi cha kwanza kilipomaliza, mshereheshaji alitangaza muheme. Hakuna aliyetokea. Akasema, "Akina mama bado wanajipodoa, tuwavumilie kidogo," na ukumbi ukacheka, na mgeni rasmi akacheka pia. Akawaita mara ya pili. Nikaondoka kwenye mitambo, nikaenda kuwafuata.

Nilipovuta mlango nilipigwa na joto usoni. Hapakuwa na moshi. Naomba mlishike hilo: hapakuwa na moshi, wala harufu ya kumshtua mtu. Mkaa ulikuwa umekolea, mwekundu, safi. Mama Danieli alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango, mkono mmoja mbele. Wawili walikuwa wameanguka kwenye mkeka, mmoja juu ya miguu ya mwenzake. Tabitha alikuwa amekaa pale pale kando ya jiko, mgongo kwenye rafu, muheme katikati ya magoti, na mgongo wa kiganja chake juu ya ngozi. Nilidhani anapima joto. Nilimwita. Nilipomwondolea ile muheme niligusa ngozi ya ngoma, na ilikuwa imepashika sawasawa, haikuhitaji zaidi.

Tuliwabeba wote wanne kwenye gari la mgeni rasmi na lingine la polisi. Watatu walirudi. Daktari wa zamu alinieleza kwamba mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki. Huingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa safi, na mtu hujisikia uchovu na kichwa kuuma kidogo, halafu usingizi. Mama Danieli aliniambia kichwa kilimuuma, ila alidhani ni njaa, kwa sababu walikuwa hawajala tangu alfajiri.

Tabitha tulimzika kijijini kwao, mbali kidogo na Manyoni. Mkurugenzi alikuwepo, na alishika jembe mwenyewe mpaka wanaume wakamnyang'anya. Mhifadhi Mkuu alikuja akitembelea fimbo. Nilimwamkia.

"Marahaba. Moto mliwasha wapi?"

"Ndani, mzee."

Alinipita kwenda kuwapa pole wafiwa. Hatukuzungumza tena siku hiyo, na hakuna siku nyingine iliyopatikana.

Uchunguzi wa ndani ulifanyika. Mratibu alieleza kwamba alitafuta mahali pakavu. Mlinzi alieleza kwamba alifunga mlango kama alivyoagizwa. Mkurugenzi alieleza kwamba alipunguza vitu ili jengo likamilike. Nilisikiliza kutoka mwisho wa meza, na sikupata mtu ambaye ningeweza kusema hakufanya kazi yake. Mwisho wa yote bodi iliamua kwamba maonyesho ya moja kwa moja yasimame. Niliomba tena banda lijengwe. Nilijibiwa kwamba kwa kuwa hakutakuwa na maonyesho, hakutakuwa na moto, na pasipo moto banda si la lazima.

Miaka yangu ya mwisho nilitunza ala zisizopigwa. Hazina wadudu hata mmoja. Mgeni anabonyeza kitufe chini ya kioo, anasikia muheme iliyorekodiwa, anapiga picha, anaondoka. Mlinzi yule aliacha kazi. Mratibu bado yupo, na akipita mbele ya ghala huwa anaushika mpini wa mlango, anausukuma mara moja, halafu anaendelea na safari yake.

Mama Danieli alikuja mara moja tu, pamoja na kaka yake, yule mume wa Tabitha. Vidole vya Mama Danieli vilikuwa vinatetemeka tangu ile siku. Aliomba kuiona ngoma ya wifi yake, iliyobaki kwetu. Nilimtolea. Alikaa kwenye benchi, akaiweka katikati ya magoti, akaipiga kofi moja.

"Imelala," alisema.

"Nikuwashie mabua nje, mama? Mvua hakuna."

"Sheria yenu inaruhusu?"

"Hairuhusu."

Alicheka kidogo. "Mnyaturu wewe. Umejifunza kupasha, sasa wamekunyima kiberiti." Kisha akanirudishia ngoma. "Acha. Hata ukiipasha, zamu yake ataipiga nani?"

Kaka yake hakuigusa. Alisimama muda wote akiyasoma yale maandishi ya mlango wa ghala.

Nilistaafu kwa hiari nilipofika miaka hamsini na mitano. Niliagwa kwa soda na zulia. Nimerudi Sepuka, nalima alizeti, na mvua ikinyesha Jumamosi hukaa ndani bila kuongea na mtu. Vijana wa kazi hii huja kuniuliza kuhusu kuwamba, kuhusu dawa ya wadudu, kuhusu vipimo vya unyevu. Nawajibu yote. Halafu huwauliza moto wao wanawasha wapi. Wengi hunijibu kwamba siku hizi hawawashi.

Makadirio ya lile banda bado nayakumbuka, kwa kuwa niliyafanya mimi na kuyarudia mara nyingi nisikosee: nguzo za mti, bati, mbao za paa, misumari, na ujira wa fundi. Fedha hizo hazikutumika, na kwenye hesabu za mwaka ule ziliandikwa kuwa zimeokolewa. Zilikuwa shilingi laki nne na elfu themanini.