Bati Lililonasa Pamba

Shule niliiacha darasa la tano. Nikachunga ng'ombe Bukundi, nikapakia marobota ya pamba Maswa, mwisho nikatua kwenye gereji ya kunyoosha bodi za magari hapa Bariadi. Kazi pekee niliyowahi kuitamani ililetwa na mama mmoja, fundi mkuu wa karakana ya ndege ndogo Mwanza. Alihitaji mtu mmoja tu. Mimi na mwenzangu mmoja wa gereji tukapewa kila mtu kipande cha alumini cha majaribio: tukifue kiwe bakuli, mfano wa kofia ya gurudumu la ndege, na uso wake uwe laini.

Mimi niligongea juu ya mfuko wa mchanga, kama tulivyozoea. Mwenzangu akajaza wake mbegu za pamba, akachonga nyundo ya mti, akawa anagonga taratibu kama anabembeleza mtoto. Ule utulivu wake ulinikera.

"Nkoi, unakamua mafuta au unafua bati?" nikamtania, nikimwita rafiki kwa Kisukuma chetu. Gereji nzima ikacheka.

"Subiri, rafiki yangu," alijibu bila kuinua macho.

Bati langu lilijaa alama za nyundo. Sikujali. Nikalipiga msasa, nikalisugua kwa dawa ya kung'arisha hadi nikaona meno yangu ndani yake. Lake lilikuwa la kijivu, limepooza. Nikaanza kuaga watu.

Yule mama aliporudi, alitoa pamba kwenye mkoba, akaipitisha juu ya bati langu. Ikaacha nyuzi kila mahali.

"Linang'aa, baba, lakini ni mikwaruzo mitupu. Kwenye ndege ufa huanzia hapo. Na msasa wako umelila bati, limekuwa jembamba."

Juu ya lile la mwenzangu pamba iliteleza tu.

"Msukuma kakataliwa na pamba!" mtu akapiga kelele nyuma yangu.

Siku ya kuondoka kwenda Mwanza, mwenzangu aliniachia mfuko wake wa mbegu. Niliupokea bila kumtazama usoni. Nilitaka kuwamwagia mbuzi.

Hadi leo ndege ikipita kuelekea Serengeti natazama tumbo lake, najiuliza kama mkono wake umepita pale, na roho inaniuma. Jana nimefua kipande kingine juu ya mfuko ule ule. Pamba ilinasa mahali pamoja tu. Nikakitupa nje kwa hasira, halafu nikatoka kwenda kukiokota.