Arusi ya Neema nimeifuta bure

Leo nimefuta video ya arusi ya dada yangu, na ordinateri, kompyuta yangu, haikukuwa imejaa hata kidogo.

Niko na programu inatuma message za saa ya mashua kutoka bandari ya Kalundu. Asubuhi risasi zililia, courant, umeme, ikakatika, ordinateri ikabakia na betri, programu ikakataa.
Ikaandika: nafasi imeisha.

Nikaamini. Kitu kikubwa kuliko vyote mule ndani ilikuwa arusi ya Neema.
Nikafuta.
Ikaandika: nafasi imeisha.

Ndipo nikasoma code yangu.

Kumbe ni réseau, mtandao, ndiyo ilianguka. Lakini courant ikikosa, système inapigia programu ishara isimame kidogo, na kipande kingine nilichoandika minye mwenyewe kinaenda kuandika saa ya courant kukatika kwenye clé USB. Clé ndiyo ilikuwa imejaa. Namba ya kosa iko na mahali pamoja tu pa kukaa. Kile kipande kikaweka yake juu ya ile ya réseau, kikarudi kimya.

Dawa ni mistari miwili. Ukiingia mu kile kipande, weka namba ya kwanza pembeni. Ukitoka, irudishe.

Mwenye alikuwa arusini na simu, anitumie hata picha moja.

Neema nimemwambia. Alikuwa anachagua maharagwe. Tulipokimbia vita, ni yeye alibeba hii ordinateri ku kichwa, sababu ya ile video. Sufuria zake aliziacha.

Alichagua maharagwe mpaka yakaisha.

"Tukikimbia tena," akasema, "utaibeba weye. Minye nitabeba sufuria."