Maksai mwekundu asiyeaminiwa na Vénérande

Jua ndiyo kwanza linachomoza Litapunga, wilayani Nsimbo. Vénérande Sixte amesimama nje ya zizi lake akimtazama maksai mwekundu aliyefungwa kigingini. Maksai ananusa mkojo wa jike aliyepita, anainua kichwa, anakunja mdomo wa juu, kisha anachimba udongo kwa kwato.

"Maksai gani huyu?" anauliza.

"Mama Aline, si umpapase mwenyewe," anajibu mwenye ng'ombe, Manyanda. "Kahasiwa huyo. Unataka cheti?"

"Nimempapasa jana. Kokwa zimesinyaa. Ila yeye mwenyewe hajajua kama kahasiwa."

Manyanda anacheka. Vénérande hacheki.

Mama huyu mwenye miaka 46 hufundisha maksai kulima. Hulipwa shilingi 80,000 kwa jozi. Lakini anayetangulia mbele ameshika kamba, pembe zikiwa mgongoni kwake, ni binti yake Aline.

"Ng'ombe akichachamaa, anayechomwa ni mwanangu," anasema. "Kwa hiyo simwamini ng'ombe wala mwenye ng'ombe."

Ana sababu. Baadhi ya wafugaji hapa huliacha dume zuri lipande majike misimu kadhaa, kisha hulihasi na kulipeleka kwenye jembe. Wanajiona wamefaidi mara mbili. Akibanwa kidogo, Manyanda anakiri kuwa mwekundu ana miaka mitano na amehasiwa miezi miwili iliyopita.

"Jana uliniambia amehasiwa mwaka jana."

"Mama, siku zinakimbia."

Rahel Krispini, ofisa mifugo aliyekuja kumkagua mwekundu, anasema kokwa zikifa, homoni ya kiume hushuka haraka kwenye damu, lakini ubongo hauendi kwa kasi hiyo. Homoni hiyo huathiri kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupashana habari, ikiwamo dopamini inayochochea hamu, na serotonini inayosaidia kuzuia hasira.

"Wengi hupoa taratibu," anasema. "Ila dume lililozoea kupanda na kupigana linaweza kubaki na tabia hizo muda mrefu. Ndama aliyehasiwa mapema hajazizoea."

"Muda mrefu ni lini?" Vénérande anamuuliza.

"Siwezi kukuahidi, mama."

Manyanda anasema mvua ziko karibu, na kuna jirani yuko tayari kumfunga mwekundu nira leo hii.

"Mpeleke," Vénérande anamwambia. "Ila kamba ashike mwanao."

Manyanda anaanza kumfungua ng'ombe wake.

"Niletee ndama wako wawili madume," Vénérande anamwambia. "Rahel awahasi mbele yangu, nikae nao mpaka wafikie nira."

"Na wakikua wakanusa kama huyu?"

"Nitawaona. Nitakuwa nawaangalia kila siku."

Anachotaka ni jozi aliyoilea mwenyewe tangu udogoni. "Nataka Aline ashike kamba asigeuke nyuma," anasema. "Kuwaangalia ng'ombe nitawaangalia mimi, nikiwa nyuma kwenye jembe."