Wetu wa Shamba la Wote

Mjini Makambako wanamjua kama Mzee Patrick Mgaya, mwenye duka la pembejeo karibu na stendi, mzee wa kanisa, mtu wa koti na tai hata siku ya Jumanne. Jina alilozaliwa nalo halijui mtu, wala mkewe Rejoice halijui. Alipozaliwa aliitwa Wetu.

Jina hilo alipewa kwenye kilima kimoja ng'ambo ya Wanging'ombe, mahali palipoitwa Shamba la Wote. Mwaka 1969 vijana watano wa Kibena, waliotoroka shule ya misheni, waliungana hapo na Wazungu wawili wenye nywele ndefu wakaanza kuishi pamoja. Walilima pamoja, wakapika chungu kimoja, na makoti yao yalitundikwa mlangoni. Aliyetoka nje kwenye baridi alichukua lililo karibu. Neno "changu" lilipigwa marufuku, na aliyeteleza akalisema alipakuliwa wa mwisho. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, wakaona naye asiwe wa mtu mmoja. Walikuwa na nia njema, na wenye nia njema hawana desturi ya kumuuliza mtoto.

Mambo hayo yalidumu miaka sita. Serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vikubwa, Wazungu walirudi kwao, wengine wakatawanyika, na Emilia, mama mzazi wa Wetu, akafa kwa homa. Alibaki Feliciana, mwenzao wa hapo kilimani, ambaye mwanawe mwenyewe alifariki mchanga, na ambaye tangu hapo alikuwa akimnyonyesha Wetu kwa zamu na mama yake. Feliciana alimbeba mgongoni, akampa jina la ukoo wake, Mgaya, akamsomesha kwa viazi na pareto.

Shuleni Njombe wenzake walizipata habari. Wakamwita mwana wa wote, wakimaanisha kwamba baba yake hajulikani na mama yake alikuwa wa kila mtu. Alipigana mara mbili. Mara ya tatu akaenda kubatizwa, akatoka na jina la Patrick, na tangu siku hiyo hakukitaja tena kile kilima.

Feliciana, ruhusa ya kuhama vile vijiji ilipopatikana, alirudi kulekule kilimani. Nyumba yake haina kufuli. Amelea watoto saba ambao hakuwazaa, na mpita njia akifika saa ya kula anakula bila kuulizwa ametoka wapi. Kama Shamba la Wote liliacha chochote duniani, ni huyo bibi. Patrick alimpelekea sukari na blanketi mara mbili kwa mwaka, siku zote peke yake, na Rejoice aliambiwa kwamba mumewe anakwenda kuona wateja.

Julai iliyopita, asubuhi ya sakitu, nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu, Feliciana aliteleza uani akavunjika nyonga. Jirani alimpigia simu Patrick, naye, hapa tumpe haki yake, aliondoka bila hata kufunga duka, akamleta hospitali Makambako. Kila gari lilipoingia shimoni bibi alimshika bega akamwita mwanangu.

Kwenye benchi la kusubiri walikuwapo wazee wenzake wawili wa kanisa, Kefa na Obed, waliokuja kumwona mgonjwa wao. Walikuwa bado wanasalimiana pale nesi alipotoka wodini na fomu ya upasuaji.

"Ndugu wa Feliciana Mgaya? Ameandikisha mtoto wake, anaitwa Wetu. Yupo?"

Obed alicheka, akauliza ni jina gani hilo, au ni la wale wavuta bangi wa zamani wa kilimani, waliokuwa wakichangia hadi wake. Patrick akacheka naye, na kicheko chake kikawa kirefu kuliko cha Obed. Kefa akamuuliza kama huyo Mgaya si wa kwao. Patrick akasema akina Mgaya ni wengi, yeye amempa tu lifti.

Nesi akasema mtoa lifti hawezi kusaini, akarudi ndani. Ndipo Patrick alipoona kwamba mlango wa wodi ulikuwa wazi muda wote, na kitanda cha Feliciana kiko hatua nne tu. Uso wake uliwaka moto. Maneno matatu yangetosha, "ni mama yangu," na bado angeweza kuyasema. Alitazama viatu vyake, akaona aibu, akainama kukaza kamba ambazo hazikuwa zimelegea.

"Wetu hayupo," Feliciana alimwambia nesi, bila kinyongo sautini. "Nilikosea kuandikisha. Nipe kalamu, nitasaini mwenyewe. Na huyo baba wa watu mwacheni aende, ana kazi zake."

Walipomtoa kumpeleka upasuaji, kitanda kilipita mbele ya benchi. Wazee watatu walisimama kwa heshima. Feliciana alimtazama Patrick kama anavyotazamwa mtu wa kukutana naye njiani.

"Asante kwa lifti, mzee. Mungu akubariki."

"Amina, bibi," Patrick akajibu.