Programu ya Marehemu

Jambo la mwisho alilofanya mke wangu kabla ya kuugua lilikuwa kuingiza kwenye kompyuta yetu programu ya kuendeshea printa, ili achape nyimbo za kwaya alizokuwa amezihifadhi humo. Tangu hapo kompyuta ikawa inazima kila nikiiwasha.

Baada ya mazishi nilimwita fundi. Alichunguza, akaondoa mikono.

“Kosa ni hiyo programu. Nikiifuta, nyimbo zitapona, ila printa haitachapa. Lakini vitu vya marehemu mmeshagawa?”

“Bado.”

“Basi sigusi, mzee.”

Katika kitabu cha maelekezo cha printa hatua hiyo haipo.

Jumamosi nilimwita tena fundi, tukagawa nguo za marehemu mbele yake. Tulipomaliza, dada wa marehemu akamgeukia.

“Futa, baba. Hiyo nani ataivaa?”

Akaifuta. Kesho yake asubuhi niliwasha kompyuta, haikuzima. Nikanakili nyimbo zote kwa kalamu, nikazipeleka kwayani.