Gunia la Fundi

Siku yangu ya kwanza gereji, kule Elerai, sikukabidhiwa spana. Nilikabidhiwa gunia. Nikadhani fomeni, msimamizi wa mafundi, ananidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke. Kumbe kila fundi alikuwa na lake la kulalia, na fomeni alikuwa na sababu yake. Nilipoanza kujiingiza chini ya pikapu iliyoinuliwa, alishika pembe mbili za gunia akaniburuta nje kama mzigo wa mahindi.

"Umeitikisa?"

"Bado, bosi."

"Itikise kwanza. Kama ni ya kuanguka, ianguke ukiwa umesimama."

Mengine aliyonifunza, ninyi mnaojitengenezea magari nyumbani yashikeni. Gari lisimame pagumu na tambarare, breki ya mkono ivutwe, na tairi zinazobaki chini zizuiwe kwa kabari. Nati za tairi zilegezwe kabla ya kuinua. Jeki ikae pale kitabu cha gari kinapoelekeza, si popote penye chuma. Tena jeki kazi yake ni kuinua tu. Inayobeba ni stendi ya chuma. Hapo ndipo unapotikisa.

Baadaye nilihamia Kikatiti, kwenye karakana ya matrekta na malori. Mkuu wa usafirishaji alikuwa mtu wa haraka, mkono mmoja kiunoni daima.

"Mama, unatikisa tena?"

"Natikisa, mkuu. Msiba unachelewesha zaidi."

Alicheka, akaniacha. Nilistaafu na vidole vyangu vyote, na ninaringa navyo.

Sasa nalima migomba yangu Kikwe. Juzijuzi mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikuja kututembelea, akaamua kubadilisha pedi za breki nyuma ya nyumba. Natoka shambani, nakuta ametoa tairi, ametoa na jeki, gari limekaa juu ya bloku za kujengea. Yeye kalala kwenye gunia, anaingia. Bloku hubeba ukuta miaka na miaka, lakini chini ya gari hupasuka bila hodi.

Nilivyolelewa mimi, mkwe hagombezwi wala haguswi.

"Baba, ngoja kidogo," nikasema kwa adabu.

"Nakuja mama, nafungua nati moja tu." Kichwa hicho kinazama.

Mkwe siwezi kumshika. Lakini gunia si mkwe! Nikakamata pembe mbili, nikavuta kwa nguvu zangu zote za uzeeni. Akatoka mzima mzima, macho kayatoa. Niliweka bega kwenye gari, nikatikisa.

Bloku ikapasuka. Gari likashuka puu, likachimba udongo palepale alipokuwa amelala.

Tulitazamana. Asubuhi ile alikuwa ameshaniamkia, tena vizuri tu. Hata hivyo alisimama, akajipangusa vumbi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Stendi ziko stoo."